Umesimama

Mashavu, msichana wa miaka kumi na minne, aliketi mbele ya daktari akiwa amefungwa mkanda mgumu wa kuuzuia mgongo wake usizidi kupinda. Leo angeambiwa kama atapasuliwa. Bibi yake, Bi Nunu, alikuwa amepakata kopo la mbegu za maboga. Tangu aliposikia kwamba mifupa huhitaji chembe za zinki na shaba, zilizomo katika mbegu hizo, alikuwa akimlisha mjukuu wake konzi ya mbegu kila asubuhi.

Daktari aliielekeza picha ya mifupa dirishani, akaitazama kwa muda.

"Mgongo umesimama," akasema.

Bi Nunu akapiga kigelegele. "Umenyooka! Mbegu zangu hizo!"

"La, Bibi, haujanyooka. Umesimama, yaani umeacha kuzidi kupinda. Mbegu ni chakula chema, lakini hazinyooshi mfupa. Ila hatutampasua."

Bi Nunu akakunja uso. "Basi ungesema kupinda kumekoma, mwanangu. Mgongo ukisimama, husimama wima."

Mashavu alishindwa kujizuia, akacheka. "Bibi, umepiga kigelegele cha kosa la lugha!"

"Kosa ni lake, si langu. Nikirudishe?"

"Usikirudishe. Kiongeze!"

Akakiongeza. Wanawake waliokuwa wakingoja nje, wasiojua sababu, wakakiitikia mmoja baada ya mwingine mpaka ukumbi mzima ukavuma. Mashavu akapita katikati yao, bega moja juu na jingine chini, na miguu yake ikaanza kucheza kabla hajaufikia mlango wa kutokea.