Mnunuzi wa Jumamosi

Uvumi huo aliuleta mteja aliyekuja kupunguziwa gauni, na mshonaji hakuweza kuutoa kichwani. Kuna wanaume, alisema mteja, wanazunguka kwenye nyumba za wazee wanaouza magari mabovu. Wanajifanya wanunuzi. Kila wakija wanachomoa kifaa kimoja, mpaka gari linabaki bati tupu, halafu wanalichukua kwa bei ya chuma chakavu.

Mshonaji alijichoma sindano. Baba yake alikuwa anauza gari lake bovu, jipu la zamani.

Lilikuwa limelala uani tangu mke wa mzee afariki. Matairi yalikwisha upepo, na kuku wa jirani walitaga kwenye kiti cha nyuma. Mzee alifunga kibao getini: Linauzwa kama lilivyo, kwa mwenye moyo wa kulifufua. Alijitokeza mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa anakuja kila Jumamosi.

Mshonaji akapiga simu.

"Baba, huyo bwana hajanunua tu?"

"Bado. Safari hii waya wa koili, ule wa kuwashia moto, haukuonekana. Wiki ya nyuma ilikuwa rota, kile kidude cha kugawa moto. Amekwenda kutafuta mwingine."

"Haukuonekana? Kwani una miguu?"

"Labda panya."

"Panya gani anakula rota? Baba, unaibiwa mchana kweupe. Mwambie alivute aende zake."

"Gari langu halivutwi kwa kamba kama ng'ombe mgonjwa. Litatoka getini likiunguruma, au halitoki. Wewe unakuja lini?"

"Nikimaliza hizi sare za shule."

"Haya, mama."

Kabla ya sare yalikuwa mapazia. Kabla ya mapazia hakukumbuka ilikuwa nini.

Jumamosi alifunga duka, akapanda basi bila kumwambia mtu. Hakupita getini. Alipitia kwa jirani, akajibanza nyuma ya tangi la maji, simu mkononi, tayari kumpiga mwizi picha.

Mnunuzi alikuwa mtu mfupi, ovaroli yake imefuliwa na kupigwa pasi. Kichwa kilikuwa kimezama ndani ya boneti. Baba yake alimmulikia tochi, ingawa jua lilikuwa kali.

"Mzee, hii skrubu uliikaza kwa meno?"

"Enzi hizo nilikuwa nayo. Fungua, acha maneno."

Jipu likakohoa. Likakohoa tena, kisha likawaka, uwanja mzima ukajaa moshi na kuku wakatawanyika. Wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mshonaji hakuwa amesikia kicheko hicho tangu msiba.

Mnunuzi alizima gari, akafuta mikono. Mshonaji alimkazia macho kila alipogusa. Hakuchukua hata msumari.

"Basi limekubali, mzee wangu. Jumamosi ijayo nakuja kulichukua."

"Karibu sana."

Geti likafungwa. Mshonaji aliona haya kwa yote aliyomwazia yule bwana. Akainuka amkimbilie baba yake, wafurahi pamoja, ndipo akamwona mzee anarudi kwenye jipu.

Mzee alifungua boneti. Akainama, akachomoa kitu, akakifuta kwa pindo la shati, akakitia mfukoni. Kisha akaishusha boneti polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Kwa hiyo, wewe mwenye mzazi anayeuza gari bovu, epuka haya:

Kubeba kila neno linaloletwa na wateja.

Kumharakisha auze.

Kumwita mtu mwizi kabla hujamwona uso.

Kutoka nyuma ya tangi kwa kunyata, ukawahi basi, bila kubisha hodi.