Bangili ya Siwatu

Siku mizani ya shule ilipomkuta Siwatu mnene, alivishwa bangili isiyovuliwa hadi abaleghe. Tangu hapo akaishi kwa uji wa kupimiwa, na ikawa marufuku kumkaribisha chakula. Bangili ilisikia kila neno. Mzazi akiteleza akasema "karibu", mtoto alichukuliwa. Mama yake, Mwanaidi, akawa anakula jikoni kwa kujificha kama mwizi.

Adhuhuri moja Siwatu aliingia ghafla, akamkuta na tonge la wali mkononi. Mwanaidi, aliyefundwa kumkaribisha hata mpita njia, akajisahau.

"Kari—"

Mtoto akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nimeshiba, mama," akasema, huku tumbo likimnguruma.

"Hongera, Siwatu," ikajibu bangili, ambayo siku hizo ilimpwaya ikateleza hadi kiwikoni.