Ekzosi ya Mkutubi

Ekzosi ya tatu ilipolia, msumari ulichomoka ukutani na saa ya gereji ikaanguka. Paka aliyekuwa amejilaza juu ya matairi aliondoka bila kuaga. Fundi Ngurumo alizima injini ya pikipiki, akageuka akitegemea kumkuta mteja wake ameziba masikio.

Mteja alikuwa ameikumbatia simu kifuani. Sasa aliipeleka sikioni.

"Umesikia?" alinong'ona. Akasubiri jibu, uso ukamshuka. "Mke wangu anasema amesikia kama mtu anakohoa. Huna inayozidi hiyo?"

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, na mkewe alikuwa amefunga madirisha yote kwa ajili ya jaribio hilo.

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama vizuri. Wanaume wa ekzosi za kelele aliwajua. Huja vifua mbele, miwani ya jua hata mawingu yakitanda. Huyu alikuwa mkutubi, mwembamba kama ufito, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuishi kati ya watu wanaosoma. Pikipiki lenyewe sasa! Jeusi, pana, la kuendeshwa umeegemea nyuma kama uko kwenye kochi, usukani umetanuka kama pembe za fahali. Alilileta akilisukuma kwa mkono, injini imezimwa, jasho linamtiririka, na kweli ungesema anamvuta fahali kwa kamba huku akiomba asishtuke.

Fundi akajiambia amekwisha kuelewa. Umri ukibisha hodi, mwanaume hutafuta cha kuufukuzia.

"Kaka, panda ujaribu mwenyewe," alisema. "Ekzosi nzuri huisikii kwa masikio. Unaisikia kwa makalio."

"Hapana, hapana. Wewe piga resi tu."

"Unaogopa?"

"Sana," mkutubi alikiri bila hata kuona haya.

Fundi akamhurumia. Akavuta kigoda, akakaa. "Basi nikushauri kama ndugu. Chukua ile ya pili. Ina mngurumo wa heshima, mzito, unaingia kifuani taratibu. Hizi za kelele, siku ya kwanza mtaa unakushangilia, siku ya pili unakushtaki. Fikiria majirani."

"Majirani ndio walionituma."

"Wakutume?"

"Wanataka iwe kubwa zaidi. Jirani wa mkabala alitaka aje mwenyewe kuhakikisha sichagui ya upole."

Fundi alikuna kichwa. Kazi ya gereji alikuwa ameifanya mpaka mvi zikamwota, lakini mtaa wa namna hiyo hakuwahi kuusikia.

"Swali langu ni moja," mkutubi aliendelea, akisogea karibu kana kwamba matairi yana masikio. "Pikipiki ikiwa bado kule njia panda, na mimi niko ndani, televisheni inaongea, nitaisikia?"

"Wewe uko ndani?"

"Mtu. Mtu akiwa ndani."

"Aaa!" Fundi akatabasamu hadi magego yakaonekana. "Unataka shemeji akusikie ukirudi!"

"Asikie, ndiyo," mkutubi alisema, macho yake yakienda kwenye kopo la grisi. "Apate nafasi ya kujiandaa."

Hapo fundi akaguswa hasa. Yeye akirudi kwake hakuna anayeinua kichwa. Siku moja alikaa sebuleni mpaka chakula kikaisha ndipo mtu akauliza baba yuko wapi. Na kumbe duniani bado kuna mwanamke anayetaka kumsikia mume wake toka njia panda!

Alinyanyuka, akaenda nyuma ya stoo, akarudi na bomba lililofunikwa gunia. Alikuwa amelivua kwenye pikipiki ya mtu mmoja baada ya ukoo mzima kuja kumsihi, akaapa hatalifunga tena popote. Akalifunga. Akakaza nati ya mwisho, akavuta pumzi, akawasha.

Ndoo zilicheza. Magari yaliyoegeshwa nje yakaanza kulia moja baada ya jingine. Muuza dawa wa duka la pili alitoka mikono juu, akidhani amevamiwa.

Mkutubi alipoipeleka simu sikioni, machozi yalimlengalenga. "Anasema vikombe vimehama kabatini! Fundi, hiyo hiyo! Mungu akubariki!"

Hawajamaliza kupeana mikono, teksi ikasimama mlangoni. Akashuka bibi mmoja mfupi mwenye mvi, koti la ngozi limemkaa sawasawa, helmeti kwapani. Mkutubi alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi aliizunguka pikipiki, akaligonga bomba kwa kifundo cha kidole. "Ndiyo zawadi yenyewe?"

"Ndiyo, mama. Uipende."

"Wenzangu watoto wao wanawanunulia soksi. Wangu amenifikiria." Akavaa glavu, akarusha mguu, akajiweka kwenye siti kama anayejitupa kitandani kwake. "Natangulia kwenu, na majirani nitawakagua kama kawaida. Msihangaike kuniandalia, mimi si mgeni."

Akapiga resi, gereji ikatetemeka, akapotea kwenye kona. Mkutubi alikuwa tayari anapiga kelele kwenye simu, kwa sauti ambayo maktaba haikuwahi kuisikia:

"Ametoka! Shusha picha ya mama yako, pandisha ya mama yangu!"