Gari Lililopona Kikohozi

Fundi Mahanyu alimimina chupa nzima ya dawa ya kusafisha injini ndani ya tangi, akaliacha gari lingurume mpaka moshi mweusi ukaisha.

“Mzee Ngwali, limepona kikohozi!”

Tangu Mzee Ngwali afiwe na mkewe, aliyemngoja ni Bi Sanura tu, muuza chai. Akilisikia gari likikohoa konani, humtilia chai ya tangawizi kabla hajashuka.

Jioni hiyo gari lilifika kimya. Bi Sanura alikuwa akikosha birika.

“Yoo, Mzee! Umekuja kwa miguu? Sikusikia gari likikohoa, nikadhani huji, chai yako nimempa mpita njia.”

“Haidhuru, Bi Sanura.”

Akarudi garini. Akaweka kidole juu ya honi, akakiacha papo hapo, bila kubonyeza.