Sijida ya Kwanza

Tangu mgongo umharibikie, Maalim Shekue aliswali akiwa amekaa kitini, na ile alama nyeusi ya sijida kwenye paji la uso wake ilikuwa imefifia kabisa. Madaktari walimpasua, wakaitoa diski iliyosagika kati ya pingili zake, wakamwekea ya bandia. Asubuhi hii walikuwa wamemruhusu kuinama.

"Leo naswali chini," alimwambia bintiye, Mwanakombo.

Binti akamtawadhisha. Alipomsugua unyayo, mzee aliuvuta mguu huku akicheka.

"Polepole, mwanangu! Unanitekenya."

Mwanakombo alikuwa amekisahau kicheko kile. Alitandika mswala, akasimama nyuma ya baba yake. Mzee akarukuu, akainuka, kisha akashuka taratibu mpaka paji la uso likagusa mswala. Kitu kikalia ndani ya mgongo wake, ko, kama kifungo kilichoanguka sakafuni.

"Subhana rabbiyal-a'la," mzee alisema. Akarudia. Akarudia tena.

Mwanakombo naye alikuwa amesujudu, akingoja takbira ya kuinuka, maana hawezi kumtangulia imamu wake. Takbira haikuja. Anashukuru, alijiambia. Mtu aliyekosa sijida kwa muda wote huu, mwache ashukuru. Lakini sauti ya baba yake ilizidi kukonda, na maneno yakawa yale yale.

Bila kuinua kichwa, Mwanakombo alinyoosha mkono mbele, akaugusa unyayo wa baba yake. Ulikuwa bado na unyevu wa udhu. Akautekenya. Haukusogea.

Akautekenya tena.