Mtu wa Kumi

"Waumini wote mnatangaziwa kwamba, kuanzia Sabato hii, sala haitamsubiri mtu."

Mzee Obadia alilisoma tangazo hilo mlangoni mwa sinagogi. Wayahudi hawaanzi sala ya pamoja mpaka watimie wanaume kumi, na kwa miaka mingi wa kumi alikuwa yeye. Alichelewa kwa makusudi, nao walimngoja. Sasa wafadhili walikuwa wamejenga bweni, waumini wa vijijini walilala humo tangu Ijumaa, na viti vyote vilikuwa vimejaa.

"Si unaiona baraka, mzee?" alinong'ona katibu, Gershoni.

"Naiona. Mmeniletea wake wenza, tena mkawajengea nyumba."

Jumapili kamati ilikutana, ikaamua kwa kauli moja kwamba Mzee Obadia, popote atakapoketi, atahesabiwa kuwa wa kumi.