Debe la Darini

Ngo!

Kishindo kilitoka darini, juu ya chumba cha mjane, jua likiwa la utosi. Mdogo wa marehemu, aliyekuja eti kumjulia hali, alijitia kushtuka hadi chai ikamwagika.

"Shemeji, nyumba hii ina mambo. Nenda kwenu ukapumzike, mimi nitabaki kuiangalia."

Kuiangalia maana yake kuhamia. Tangu kaka yake, fundi wa majokofu, azikwe, nyumba ile ilikuwa haimtoki moyoni.

Kishindo chenyewe kilikuwa debe tupu la mafuta. Shemeji huyo alilipandisha huko asubuhi moja mjane akiwa sokoni, akalikaza kizibo hewa ikiwa bado ya baridi. Ujanja huo aliupata kwa marehemu mwenyewe, mezani hapo hapo, miwani yake imefungwa kwa waya: hewa ukiipasha moto hutaka nafasi, ukiinyima husukuma. Basi paa likichemka, ubavu wa debe hututumka, ngo! Jioni likipoa, hurudi ndani, ngo! Kaka alipenda kueleza. Mkewe alikuwa akimsikiliza huku anacheka.

Mjane hakukimbia. Alitazama juu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Ni yeye. Hata alipokuwa hai hakuweza kunyamaza wakati wa chakula."

Siku chache baadaye, shemeji alipokuja tena, alimsikia mjane akiuliza kutoka chumbani, "Mume wangu, geti limeng'oka. Mdogo wako alitengeneze?"

Ngo!

Imesadifu tu, alijiambia. Lakini angesemaje? Kwamba si marehemu, ni debe, na aliyeliweka ni yeye? Akatengeneza geti.

Wiki iliyofuata akazibua mtaro. Kisha akapaka ukuta rangi, tena mara mbili, kwa sababu mjane alipouliza kama mara moja imetosha, darini kulikuwa kimya kama kaburi.

"Unamjua kaka yako," mjane alimpoza. "Kazi ya kulipua hakuipenda."

Halafu ikaja siku ya mawingu mazito tangu asubuhi. Mabati yalikuwa baridi. Jamaa akajikalia sebuleni raha mustarehe. Leo debe halikuwa na wa kulipasha moto.

"Mume wangu," mjane alisema chumbani, akikunja nguo, "nyumba nimwachie mdogo wako?"

Kimya.

"Nikae mwenyewe?"

Ngo!

Jamaa alitazama nje: hata mwale wa jua hakuna. Akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Mjane alipoaga kuwa anakwenda kwa jirani, jamaa aliegemeza ngazi, akajipenyeza darini kwa magoti.

"Kaka, nisamehe," alinong'ona, akipapasa kwenye nusu giza. "Naliondoa. Nyumba ni yake. Nimekoma."

Mkono ukagusa debe. Lilikuwa na tundu la msumari, lenye kutu ya siku nyingi; hewa ilikuwa ikijitokea tu, bila kusukuma kitu. Juu yake ilining'inia nyundo ndogo ya kaka yake, na uzi wake ulipita kwenye boriti ukapotelea chini, upande wa kitanda.

"Mume wangu," sauti ilitoka chumbani, "akishuka huko, na jiko nalo alipake rangi?"

Mbele ya pua yake, nyundo ikainuka.